Kitabu Alichowekewa Leonsia

Siku ya kwanza Leonsia alifika kwenye meza ya Masele akiwa na dakika ishirini za chakula cha mchana, na karibu zote alizitumia kugombana.

Ilikuwa mtaa wa Rwagasore, saa saba na nusu, jua limewaka, bodaboda wanapigiana honi, muuza miwa anasukuma toroli lake katikati ya magari kana kwamba barabara ile aliachiwa na babu yake. Chini ya baraza ya duka la vitambaa, Masele alikuwa amepanga vitabu vyake vya mitumba: juu ya meza riwaya za Kiswahili, pembeni vitabu vya shule, chini kwenye turubai vya Kiingereza vilivyokosa wenyewe. Mwenye uwezo alinunua. Asiye nao alikodi kwa shilingi mia tano wiki nzima, anaacha jina na namba ya simu, basi. Mjini yalikuwapo maduka ya vitabu vipya, yenye feni na vioo, lakini bei ya kitabu kimoja kule ilitosha kukodi kwa Masele miezi mingi.

"Hiki bei gani, kaka?" aliuliza dada mmoja aliyevaa koti jeupe la duka la dawa juu ya gauni la kitenge cha manjano, nywele amesuka twende kilioni, mkononi kontena la wali.

"Kununua elfu tatu, kukodi mia tano. Ila nikuambie kabisa, dada yangu, kurasa nne za mwisho hazipo."

"Hazipo? Zimekwenda wapi?"

"Aliyeniuzia alifungia karanga."

"Kwa hiyo unauza kitabu kisicho na mwisho?"

"Nauza chenye mwanzo mzuri. Mwisho nitakusimulia mwenyewe ukirudisha. Hiyo haina malipo."

"Na nitajuaje kama husemi uongo?"

"Hutajua," alisema Masele.

Dada yule alijaribu kununa, kukamshinda. Akatoa mia tano, akaandika kwenye daftari: Leonsia Kokulinda.

"Mhaya," Masele akasema akisoma jina. "Nilijua. Nshomile tu, msomi wa Bukoba, ndiye anayegomba kwa ufasaha hivyo."

"Na wewe Msukuma. Nilijua kwa ulivyo mpole wakati unanipunja."

Wiki ilipopita alirudi, na Masele akamsimulia mwisho. Hadithi ilikuwa ya dereva wa treni na fundi cherehani waliopendana Tabora. Masele aliwakutanisha stesheni, akaleta mvua, akaleta mama mkwe aliyebadili moyo dakika ya mwisho, akawafungisha ndoa na kuwapa nyumba yenye uwanja. Leonsia alisikiliza kichwa kimeinama upande, wali unapoa, na mdomoni alikuwa na kitabasamu ambacho Masele hakukielewa. Alipomaliza alisema tu, "Asante. Nipe kingine."

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi ile, maana bila hilo mtu anaweza kumwona Masele mjinga kuliko alivyokuwa. Kwenye vitabu vya mitumba, kitabu kizuri hakifikishi saa sita mchana. Kikitoka kwenye kiroba, mikono mitano inakigombania. Muuzaji akikificha chini ya meza, akachomeka karatasi yenye jina la mtu, ameamua kupoteza pesa macho makavu. Masele alikuwa na miaka sita kwenye baraza ile na hakuwahi kumwekea mtu kitabu, hata Gladness wa saluni ya jirani aliyewaazima wateja wake kiti na kumgawia chai kila asubuhi. Kwa Leonsia alitenga boksi zima. Kila kitabu kilichoingia humo kilikuwa na kikaratasi: "Leonsia, nimekuwekea." Kabla hajamwambia mwanamke yule kwa mdomo kwamba anampenda, alikuwa ameshamwambia kwenye vikaratasi tisa.

Kwa mdomo alimwambia mwezi wa tatu, kwa simu, maana ana kwa ana ulimi ulikuwa mzito.

"Umekula?" alianza hivyo.

"Nimekula. Hilo ndilo lililokufanya upige?"

"Hapana. Nilitaka kusema nakupenda, nikaona nianze na chakula."

Leonsia alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Basi nami nimeshiba, Masele wangu. Endelea."

Toka hapo mambo yakaenda. Akawa "Msukuma wangu", naye akawa "nshomile wangu". Jumamosi walitembea. Usiku walipigiana simu mpaka kifurushi kikaisha katikati ya neno. Mwezi wa nane wakakubaliana: mama yake Leonsia angekuja kutoka Bukoba, na Jumapili ya mwisho ya Novemba Masele angekwenda kujitambulisha nyumbani kwa mjomba Deodatus, Pasiansi, ambako Leonsia alikuwa akiishi. Masele akanunua shati jeupe la mikono mirefu. Akamwomba baba yake mdogo, mzee Masalu wa Buswelu, amsindikize.

Sasa kasoro yake. Masele alisoma kila kitabu alichouza, akakumbuka, akakisimulia kuliko kilivyoandikwa. Lakini kidato cha nne alipata daraja la nne, na kidonda hicho hakikupona. Mwanaume akisema "nilipokuwa chuo", Masele alinyamaza. Na kimoyomoyo alikuwa akijiuliza binti wa Kihaya, mwenye stashahada ya dawa, ameona nini kwa mtu anayekaa juu ya kreti la soda.

Jumamosi, wiki mbili kabla ya siku ile, walikaa karibu na kivuko cha Kamanga wakala sato wa kukaanga kwa ndizi na pilipili. Upepo wa ziwa ulikuwa ukipeperusha sketi ya Leonsia, naye akiibana kwa magoti huku akichambua miiba.

"Ile sehemu ya pili nimeipata," Masele alisema.

Leonsia akaacha kutafuna. "Ya yule nesi wa Ukerewe?"

"Ya nesi. Miezi miwili nimeitafuta. Iko ndani ya boksi."

"Mungu akuweke, baba. Usimpe mtu."

"Nimpe nani?"

Leonsia akaenda kunawa. Mkoba wake ulibaki kwenye kiti, zipu wazi, na ndani yake kona ya kitabu ilikuwa imechungulia. Mtu mwingine angeona kona ya kitabu akaendelea na samaki. Masele kazi yake ilikuwa kufungua vitabu. Mkono ukaenda wenyewe, ukafunua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na muhuri wa maktaba ya parokia, ile iliyo nyuma ya kanisa kule Pasiansi. Na juu ya muhuri, kikaratasi, kwa mwandiko mzuri ulionyooka:

"Leonsia, nimekuwekea. R."

Alikirudisha. Alipotazama samaki, aliona kama bado yuko hai anamtazama.

"Vipi?" Leonsia aliuliza akijifuta mikono.

"Mwiba."

Hapo ndipo angeuliza. Maneno mawili tu: R nani? Lakini wivu haupendi kuuliza, kwa sababu jibu linaweza kuuua. Masele alichofanya ni kuzunguka mbuyu.

"Alhamisi huwa unafanya nini baada ya kazi?"

"Kwaya. Si unajua?"

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Mbona leo unanihoji kama mwenyekiti wa mtaa?"

"Nauliza tu."

Alhamisi duka la dawa lilimwachia Leonsia saa nane. Masele alilijua hilo vizuri. Toka saa nane mpaka saa kumi na moja ni saa tatu, na saa hizo tatu zilimla Masele siku nne mfululizo. Khanga zinasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Masele alianza kukonda Jumapili. Kwake yeye hesabu ilikuwa nyepesi: mwanaume hamwekei mwanamke kitabu bila sababu. Alijua, maana yeye mwenyewe alikuwa na sababu.

Alhamisi aliacha meza kwa Gladness, akaenda Pasiansi. Maktaba ilikuwa chumba kirefu cha matofali, madirisha yake yanatazama ziwa. Masele alisimama nyuma ya ua wa michongoma, akachungulia. Leonsia alikuwa kaunta, kavaa blauzi ya bluu ambayo Masele hakuwahi kuiona. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, miwani, shati limenyooka kana kwamba limepigwa pasi likiwa mwilini. Mwanaume alitoa kitabu chini ya kaunta, akampa kwa mikono miwili. Leonsia akasema kitu, wakacheka, yeye akaziba mdomo kwa kiganja. Masele aliamini kicheko kile cha kuziba mdomo ni chake peke yake.

Alirudi mjini kwa miguu, kilomita zote zile.

"Umeona nini?" Gladness alimuuliza, maana uso wa Masele haukuwa na mlango wa kufunga.

"Sijaona kitu."

"Nilikuambia wanawake wa duka la dawa wanajua kupima dozi. Wewe ulikuwa unapewa kidogokidogo."

Masele aliinama, akavuta boksi, akatoa ile sehemu ya pili, akanyofoa kikaratasi.

"Si ulikuwa unaitaka hii?"

"Ya Leonsia?" Gladness alitoa macho.

"Haina jina," alisema Masele.

Jumapili ya mwisho ya Novemba ikafika. Masele alimpigia mzee Masalu alfajiri, akamwambia wenyeji wamesogeza siku. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mzee huyo. Halafu akazima simu. Akavaa shati jeupe, sijui kwa nini, akakaa kitandani chumbani kwake Kiseke kuanzia saa nne mpaka jua lilipogeuka. Alitaka Leonsia aumie kama yeye. Alifikiria ndizi zinavyotokota Pasiansi, mjomba akiwa ndani ya koti lake la sherehe, akajiambia wacha wangoje. Kisha alimfikiria yule mama asiyemjua, na hilo halikumpa raha hata kidogo. Lakini simu hakuiwasha.

Aliiwasha Jumatatu asubuhi. Palikuwa na miito kumi na saba na ujumbe mmoja wa Leonsia, wa saa tano usiku: "Mama amelala na gauni lake jipya. Hataki kulivua, anasema labda mmepata pancha njiani."

Saa saba na nusu Leonsia alikuja. Koti jeupe, macho mekundu, hana kontena la wali.

"Habari ya kazi, kaka Masele."

Miezi minane hakuwa amemwita kaka.

"Salama," alisema.

"Hukuugua?"

"Sikuugua."

"Hukufiwa?"

"Hapana."

Leonsia aligeuza uso asilie, na macho yake yakaangukia mlango wa saluni. Gladness alikuwa amekaa kwenye kigoda, rola kichwani, anasoma. Leonsia alilitambua jalada. Akalitazama, akamtazama Masele, akalitazama tena.

"Ile si sehemu ya pili?"

"Ndiyo."

"Umempa Gladness."

"Mteja ni mteja."

"Umempa Gladness sehemu ya pili, na mimi ya kwanza nimeisoma mara mbili nikingoja." Sauti yake ilikuwa chini. "Yeye hata ya kwanza hajaisoma. Sasa naelewa ulikuwa wapi jana."

"Nilikuwa chumbani kwangu. Peke yangu."

"Ndivyo mnavyosema wote."

"Usinigeuzie kibao, Leonsia. R ni nani?"

"R gani?"

"Aliyekuwekea."

Barabara iliendelea na honi zake. Masele akaona jambo likimwingia Leonsia taratibu.

"Ulifungua mkoba wangu," alisema.

"Nilifungua kitabu."

"Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, Masele." Akakunja mikono. "Kwa hiyo kwa ajili ya kikaratasi, mama yangu amelala na gauni la posa. Miezi minane unanisimulia miisho ya vitabu vya watu, swali moja la kuniuliza mimi limekushinda."

"Basi nijibu sasa."

"Sijibu. Sijafanya kosa la kujitetea. Unataka kumjua R, nenda kamuulize mwenyewe, muhuri wa maktaba umeuona." Alianza kuondoka, akarudi hatua moja. "Mama amepanda basi leo saa kumi na mbili asubuhi. Senene alizokuletea zipo kwa mjomba. Hakuna mtu anayetaka kuzila."

Akavuka barabara bila kutazama. Gladness alifunga kitabu, akakileta taratibu mezani. "Mimi nilikuwa nakutania tu siku ile," alisema. "Sikujua kwamba ni neno la ndoa." Masele hakukipokea.

Jumanne alikwenda maktaba. Safari hii aliingia kwa mlango. Yule mwanaume wa miwani alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu.

"Karibu. Unarudisha au unaazima?"

"Wala. Namtafuta anayeitwa R."

"Ndiye mimi. Rutashobya." Alimpima kwa macho, akaweka kitambaa chini. "Na wewe ni Masele wa Rwagasore. Amenieleza habari zako sana, kuliko nilivyotaka kuzisikia."

Masele alikuwa amejiandaa kwa ngumi au kwa dharau, hakuwa amejiandaa kwa hili. "Kwa nini unamwekea mchumba wangu vitabu?"

Rutashobya aliinua ubao wa kaunta, akamvuta Masele ndani, akamwonyesha rafu iliyokuwa chini. Vitabu thelathini na zaidi, kila kimoja na kikaratasi. "Mzee Ngosha, nimekuwekea. R." "Sista Noela, nimekuwekea. R." "Dorcas wa darasa la sita, nimekuwekea, ila rudisha kile kingine kwanza. R." Masele alivifunua kimoja baada ya kingine mpaka alipokuta cha pili cha Mzee Ngosha, akakifunga.

"Vitabu tunavyo vichache, wasomaji wengi," Rutashobya alisema. "Anayeazima hapa halipi kitu. Anaandika jina, anasubiri zamu yake, ikifika namwekea. Ndiyo kazi."

"Ndiyo kazi," Masele alirudia. Kwake yeye ilikuwa ndoa, kwa mwenzake kazi. Aliona aibu mpaka masikioni.

"Ila nisikufiche," Rutashobya aliendelea, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. "Nilimtaka. Nilimwambia mwezi wa nne. Akasema yupo mtu. Nikauliza anafanya kazi gani, akasema anauza vitabu visivyo na mwisho. Nilijiona nimedharauliwa, na shahada yangu ya ukutubi. Kwa hiyo ukiwa na wivu na mimi, kaka, jua na mimi ninao na wewe."

Masele alisimama pale, akasikiliza ziwa likipiga mawe. Hatimaye akauliza, "Mtu akitaka kuazima hapa anafanyaje?"

"Anajaza fomu. Na anatafuta mdhamini, mwanachama wetu anayemjua vizuri."

"Namjua mmoja."

"Na yeye anakujua," alisema Rutashobya. "Hapo ndipo penye tatizo lako."

Kutoka maktaba mpaka kwa mjomba Deodatus ni mwendo wa dakika sita. Masele alitumia nusu saa. Mjomba alimpokea barazani, hakumkaribisha kiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa lipi, siku mbili baada ya chakula?"

"Nimekuja kusema ukweli. Sikuugua wala sikupata pancha. Niliona wivu. Nilimdhania vibaya, nikawakosea ninyi wote."

Mjomba alikuwa ameandaa majibu ya kila uongo, ukweli ukamkuta mikono mitupu. "Mimi siye uliyemlaza na gauni," alisema mwisho, akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akamkabidhi.

"Shikamoo, mama," Masele alisema. "Mimi ni yule mtu ambaye hakuja."

Upande wa pili kuku walisikika kwa mbali. "Marahaba, mwanangu. Ndizi tulizipika. Zikalala."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Mimi nimeshazeeka, kusamehe kwangu si kazi. Lakini siji tena Mwanza. Ukitaka kula ndizi zangu utazifuata Bukoba. Na binti yangu sitamwambia lolote. Huyo umalizane naye mwenyewe."

Alhamisi, saa tisa, Leonsia aliingia maktaba akamkuta Masele amekaa meza ya karibu na dirisha, shati jeupe, fomu mbele yake, kalamu mkononi kama mtahiniwa. Akataka kugeuka.

"Kaa dakika moja," Masele alinong'ona.

"Unataka nini?"

"Nataka kuazima kitabu."

"Una vitabu elfu mezani kwako."

"Hivyo navikodisha. Maisha yangu yote sijawahi kuaminiwa kitu bure."

Leonsia alikaa, si kwa sababu alikuwa amesamehe, ila miguu ilikuwa imechoka. Aliweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Nimezungumza na mama," alisema Masele. "Na mjomba. Na baba mdogo pia, amenitukana kwa Kisukuma nusu saa. Niliwaambia ni wivu. Nilikuonea wivu kabla sijaona kikaratasi, Leonsia. Nilikuja nao toka zamani. Nilikuwa nangoja tu mtu mwenye shahada atokee, na alipotokea nikakuhukumu bila kukuuliza."

"Na Gladness?"

"Gladness nilimpa kitabu ili uumie."

"Niliumia," alisema Leonsia. "Sikulala. Nilimwona na zile rola zake anasoma kitabu changu, nikataka kumng'oa rola moja moja." Alitazama dirishani. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Yule dereva wa treni hakumwoa fundi cherehani."

Masele alishtuka. "Nani?"

"Wa kile kitabu cha kwanza. Alihamishiwa Kigoma, akaoa huko, fundi cherehani akabaki anashona sare za shule. Kipo hapa, kizima, rafu ya tatu. Nilikuwa nimeshakisoma kabla hujanisimulia."

"Kwa hiyo ulijua nakudanganya."

"Nilijua toka uliposhusha ile mvua. Wali wangu unapoa, namwangalia mwanaume mzima anatoka jasho kuwapigania watu wa kwenye karatasi waoane. Nikasema moyoni, huyu." Alichezea zipu ya mkoba. "Vitabu ulivyonikodisha, zaidi ya nusu nilivisoma hapa bure. Kwako nilikuwa nalipia maongezi. Hapa hairuhusiwi kuongea."

"Hairuhusiwi kweli," Rutashobya alisema kutoka kaunta, macho kwenye daftari lake.

Masele alikuwa anajikaza, na machozi hayakujali kujikaza kwake.

"Kwa nini hukuniambia habari za hapa?" aliuliza.

"Ungedhani naidharau biashara yako. Na ungemwonea wivu yule. Nikaona ninyamaze. Hilo nalo ni kosa langu, nalichukua." Akamgeukia, sasa akamtazama usoni. "Lakini mkoba wangu hutafungua tena."

"Sitafungua."

"Ukiwa na swali?"

"Nitauliza."

"Hata la kijinga?"

"La kijinga ndilo nitaanza nalo."

Kona ya mdomo wa Leonsia ilicheza kidogo, akairudisha mahali pake. "Mama amekuambia nini?"

"Nimfuate Bukoba. Nimekata tiketi mbili za meli, Ijumaa ijayo. Moja usipoitaka, nitakwenda na baba mdogo, tukaombe msamaha wanaume watupu."

Leonsia alivuta fomu. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama anavyosoma karatasi za daktari kabla hajatoa dawa. Mdhamini awe mwanachama. Mdhamini awe anamfahamu mwombaji na tabia zake. Mdhamini atawajibika kwa chochote ambacho mwombaji atakipoteza au kukiharibu. Hapo macho yake yalisimama, kidole juu ya neno kukiharibu. Masele alijua kwamba Leonsia akisukuma karatasi ile na kuondoka atakuwa na haki, na hapatakuwa na boksi wala kikaratasi cha kumrudisha.

Leonsia alichukua kalamu mkononi mwa Masele. Akaandika jina, akaandika namba, akafika mstari wa mwisho, akauziba kwa kiganja alipoujaza. Kisha akainuka, akaipeleka mwenyewe kaunta.

Rutashobya alikuwa na desturi ya kusoma kila fomu kwa sauti, kuhakikisha. "Mwombaji: Masele, wa Kiseke. Kazi: muuza vitabu. Mdhamini: Leonsia Kokulinda, mwanachama. Uhusiano na mwombaji..." Akavaa miwani vizuri. "Mchumba," alisoma.

Masele aliinama mezani, akafunika uso kwa mikono.

Rutashobya alipiga muhuri, pengine kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Wiki mbili kwa kitabu," alisema kwa sauti yake ya kazi. "Akichelewesha, tunamfuata mdhamini nyumbani kwake."

"Njooni tu," alisema Leonsia, akaweka mkoba begani. "Mtatukuta wote wawili."

Akamgusa Masele kichwani alipompita, akaenda kwaya.